Mama Mkwe Aliyeambiwa Apumzike

Mwaka huu wajukuu zangu wamenificha jembe. Wanasema nimekula chumvi ya kutosha, nikae kwenye kiti niangalie wengine. Wananiletea chai, wananifunika khanga mapajani, na mmoja wao, yule aliyesoma sana, akaniinamia na kuniambia kwa sauti ya kubembelezea watoto, "Bibi, sasa pumzika." Nilimrushia kikombe. Sikumpata, na nilisikitika kwamba sikumpata. Watu wa nyumbani wakaanza kunong'ona kwamba akili zinaniruka. Akili zangu ziko palepale. Neno hilo la kupumzika ndilo silitaki kulisikia, kwa sababu nimeliona likifanya kazi yake kwa mama mkwe wangu, kule Susuni, miaka ya hamsini.

Nieleze kwanza niliolewaje, maana wageni wakisikia hushika vichwa. Niliolewa na mwanamke. Kwetu Tarime si kioja. Mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mke, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake na wanabeba jina la marehemu mumewe. Tunaiita nyumba ntobhu. Mwanamume wa kuzaa naye anatafutwa, anakuja, anaondoka, na hana neno juu ya mtoto. Mimi nilikuwa msichana mkubwa wa Nyarero, wenzangu wa rika walishazaa mara mbili mbili, na baba akaona amepata pa kunipeleka. Sikuulizwa. Ng'ombe waliingia zizini kwetu, na haukupita muda kaka yangu akawatoa haohao kwenda kuoa. Nikaenda Susuni nimenuna, na nilikaa nimenuna msimu mzima.

Huyo mwanamke aliyenioa, ambaye kwa desturi nilimwita mama mkwe, hakujali kununa kwangu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mdomo, na mvi zake alizinyoa mwenyewe kwa wembe bila kioo. Kabla jogoo hajawika mara ya pili alishafika shambani. Kilichonichosha zaidi si kazi, ni maneno yake. Kila alichokigusa alikigusa kwa ajili ya mbele. Tukipanda mihogo, ataniambia tutaichimba mwaka gani na nani atakuwa anatambaa pembeni. Akitembea uani atasimama mahali patupu na kusema hapa atajenga mwanao wa kwanza, mlango utazame kule, ili moshi usimwingie. Mwanangu wa kwanza! Huyo mwanamume mwenyewe wa kuzaa naye nilikuwa hata sijamwona. Nilikuwa namwangalia nikisema moyoni, bibi huyu hajui kuhesabu umri wake. Hasira zilinipanda kila alipofungua mdomo, kwa sababu aliyapanga maisha yangu kama mtu anayepanga kuni.

Mwanamume huyo alipatikana wakati wa kupanda, akaja usiku mara chache, akaondoka. Halafu siku moja, wakati wa palizi, jembe likamponyoka, likamkata mguu, hapa mbele kwenye mfupa. Hakikuwa kidonda cha kutisha. Tulikiosha, tukakipaka samli, tukakifunga kitambaa. Lakini hakikukauka. Kikaanza kutoa harufu, kikapanuka, kikageuka donda ndugu, na mama mkwe akaanza kuchechemea, kisha kukaa, kisha kulala mchana.

Hapo ndipo shemeji yake alipoingia. Alikuwa mdogo wa marehemu, na boma lake lilikuwa ng'ambo ya kijito, tunaonana moshi. Mimi nilimwita baba na nilimwamkia kwa heshima zote, shikamoo baba, na yeye aliniitikia marahaba mwanangu kwa sauti laini kama mtu anayesali. Watu walimsifu kwa upole wake. Hata leo, ukienda Susuni, ukimkuta mtu wa rika langu, atakwambia yule mzee alikuwa mtu mwema sana. Mimi nitakwambia vingine.

Alianza kuja kila asubuhi. Mkewe nyuma yake amebeba bakuli la uji. Ataketi kwenye kigoda, atautazama ule mguu, atatikisa kichwa. "Shemeji," anasema, "umehangaika mno hapa duniani. Ulishafanya yako. Pumzika." Siku ya kwanza mama mkwe alimcheka. Siku ya pili alimwambia mtama wake haujapaliliwa. Yeye hakubishana. Aliondoka na jembe la mama mkwe begani, eti lisije likamtamanisha kuinuka. Siku nyingine akaja na wanawe wakawaswaga ng'ombe wetu, eti mgonjwa asisumbuliwe na makelele ya zizi, yeye atamtunzia. Mbuzi nao wakafuata. Kila kitu kiliondoka kwa maneno mazuri, na kila kilipoondoka, uji ulibaki.

Nyie mnaosoma mtasema kwa nini sikupiga kelele. Ningempigia kelele nani, na niseme nini? Kwamba mtu anamletea mgonjwa uji? Mtu mwenye rungu ningemweza, ningekimbia au ningepigana naye. Mtu mwenye bakuli la uji utamfanya nini? Majirani walipita wakasema, mama una bahati, shemeji yako anakupenda. Na mama mkwe akawa anaitikia kwamba kweli, ana bahati. Kusikia hivyo kulinikata maini.

Nilianza kuona mabadiliko kwenye maneno yake kabla sijayaona mwilini. Yule mwanamke aliyekuwa ananichosha na mwakani akaacha kabisa kusema mwakani. Kisha akaacha kusema kesho. Ukimwuliza kesho tule nini, anakujibu habari za njaa ya wakati ule wa nzige. Ukimwuliza kama mguu unauma, anakusimulia mumewe alivyochukuliwa kubeba mizigo vita ya Wajerumani, na alivyorudi amekonda asitambulike. Sina ugomvi na kukumbuka, mimi mwenyewe sasa ninafanya nini kama si kukumbuka? Lakini yeye alihamia huko. Alilala na uso umegeukia ukutani na akaongea na watu waliokufa, na mimi niliyekuwa hai mbele yake na maji ya moto ya kumwosha donda aliniambia niache tu, kuna haja gani. Chakula akawa anaonja. Mashavu yakabonyea, mikono ikaanza kutetemeka, na usiku alikohoa ingawa hakuwahi kuwa na kikohozi. Donda lenyewe lilikuwa dogo kuliko kiganja changu. Watu wamepona madonda makubwa kuliko lile na kucheza ngoma.

Nilimwambia twende mjini, Bomani, kwenye zahanati, kuna dresa anachoma sindano watu wanapona. Akasema sindano wapewe vijana wenye siku. Nilipomwendea shemeji yake kumwomba vijana wake wanne wambebe kwenye kitanda, alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega. "Mwanangu," akasema, "mtu wa umri ule wa kumtoboatoboa wa nini? Tumwache aende salama." Akatabasamu. Nilitaka kumng'ata ule mkono.

Sasa msije mkadhani nilihangaika kwa sababu nilimpenda sana. Tuseme ukweli. Mama mkwe akifa kabla sijazaa, nyumba yake inakwisha. Shamba, ng'ombe na mimi mwenyewe tunaingia mkononi mwa yule mpole wa ng'ambo ya kijito, na alishaanza kuniangalia na kusema mwanawe wa pili hajaoa. Kurudi kwetu Nyarero nisingeweza, ng'ombe wangu walikuwa wameshakuwa mke wa kaka yangu na kaka alishapata mtoto. Kwa hiyo nilikuwa namkasirikia mgonjwa kila siku. Niliona ananiuza mara ya pili, safari hii kwa kulala tu.

Siku ambayo yote yaligeuka ilikuwa siku ya ugali. Unga ulikuwa umekwisha na sikuwa nimetumwa kununua. Kwa kila mama wa kwetu, juu ya moto, kwenye dari, huning'inizwa masuke ya ulezi yaliyochaguliwa, meusi kwa masizi ili wadudu wasiyaguse. Hiyo ni mbegu ya msimu ujao. Mtoto mwenye njaa anaweza kulia mpaka apoteze sauti, hazishushwi. Mama mkwe aliyachagua yale masuke kwa mkono wake, moja moja, kabla hajaumia. Akageuza uso kutoka ukutani, akanyoosha kidole juu. "Shusha zile," akaniambia. "Twanga, saga, tule. Za nini tena?"

Nilisimama katikati ya nyumba na ungo mkononi. Nawaambia, katika maisha yangu nimekasirika mara nyingi, nimempiga mwanamume na mwichi, nimemtukana karani mbele ya watu, lakini hasira kama ile sijaipata tena. Kwetu mkamwana hamjibu mama mkwe. Na habari ya mimba mkamwana hamwambii mama mkwe kwa mdomo wake, ni aibu kubwa, unamwachia mwanamke jirani akanong'one, au unanyamaza tumbo lijiseme. Lakini maneno yakanitoka.

"Sizishushi," nikamwambia. "Ukitaka kula mbegu, inuka uzifuate mwenyewe. Umenitoa kwetu kwa ng'ombe zako, umenipangia watoto mpaka na milango ya nyumba zao, sasa nina mimba unataka kula mbegu ufe? Mtoto wako atapokewa na nani? Na yule wa uji? Basi mpe na mtoto."

Nilisikia tu kuni zikilia motoni. Nikajua ataniapiza, na laana ya mzee kwetu haitaniwi. Nikawa tayari kuapizwa, sikuwa na cha kupoteza.

Alikaa anautazama ule mkono wake uliokuwa bado umenyooshwa juu. Akaushusha taratibu. "Umeacha kuona siku zako tangu lini?" akauliza. Nikamwambia tangu tulipomaliza kupanda mtama. Midomo ikawa inachezacheza, na mimi nikatambua kwamba anahesabu. Ilikuwa muda mrefu sijamwona akihesabu kwenda mbele. "Basi ni wakati wa kuvuna ulezi," akasema. Kisha akaniambia nilete maji ya moto, donda linanuka, na kwamba mimi ni mtoto mjinga asiye na adabu, nimelelewa vibaya na watu wa Nyarero. Nilikwenda kuteka maji nikiwa nalia kwa hasira.

Kwenda mjini alikubali. Kubebwa ndiko kulikokuwa tabu, kwa sababu kitanda hubebwa na wanaume na wanaume wote wa karibu walikuwa wa shemeji yake. Lakini mama mkwe alipoamka, aliamka na kichwa chake chote. Alikuwa katika risaga, yaani kikundi cha wanawake cha kupalilia kwa zamu: leo wote shambani kwa huyu, siku nyingine kwa yule, na mwenye zamu anawapikia. Zamu yake ilikuwa imekaribia. Yule mpole alikuwa amekwishawaambia wanawake wamruke, eti shamba la mgonjwa halina haraka. Mama mkwe akanituma kwa kiongozi wao niseme hivi: yeye amewapalilia wote, hajawahi kukosa hata shamba la mtu mmoja, na zamu yake hairukwi na mtu kwa sababu bado hajafa.

Wakaja asubuhi na majembe yao, wametimia. Mama mkwe alikuwa ameshakaa mlangoni amejifunga shuka. "Wekeni majembe," akawaambia. "Leo sipaliliwi. Nibebeni mpaka Bomani."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema kitanda si mzigo wa wanawake. Mwingine, mnene, mwenye sauti nzito, akasema yeye kila siku anabeba mtungi, kuni na mtoto kwa pamoja na hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia si mzigo wake. Wakacheka, wakapindua kitanda cha kamba, wakafunga miti pembeni, tukaenda. Tulibadilishana mabega njia nzima, jua likawa kali, nikamfunika mama mkwe uso kwa shuka asiungue.

Hapo ndipo watu walipokosea. Sisi kwetu mzee akionekana kitandani, amefunikwa uso, na nyuma wanawake wengi, hakuna anayeuliza. Kila tulipopita boma watu waliacha kazi wakasimama. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti, akamwaga na mahindi aliyokuwa anapembua. Mzee mmoja akavua kofia, akatusogelea kando ya njia. "Poleni sana," akasema. "Marehemu alikuwa wa rika gani?" Kabla hatujajibu, marehemu akafunua shuka, akamtajia rika lake kwa ukali, akamwuliza na yeye ni wa rika gani asiyejua kuamkia watu. Yule mzee alirudi nyuma mpaka akakaa kwenye miiba. Wanawake walicheka mpaka wakashindwa kubeba, tukaweka kitanda chini. Mimi sikucheka. Niliona kwamba nchi nzima ilikuwa tayari kumzika, ilikuwa inangoja tu mtu apite njiani.

Dresa alikuwa kijana mwenye koti jeupe na heshima nyingi. Alilisafisha lile donda mama mkwe akauma khanga asilie. Akasema litapona, lakini si leo wala wiki hii, litataka sindano na kufungwa upya mara kwa mara, na je, mama ataweza kukaa huku mjini muda mrefu hivyo?

"Muda ninao," mama mkwe akamjibu.

Tulikaa kwa binti ya dada yake aliyekuwa ameolewa karibu na maduka. Kikohozi kiliondoka kabla donda halijafunga, na hakuna dawa ya kikohozi aliyopewa. Chakula kikarudi. Akaanza kugombana na mwenye nyumba juu ya namna ya kupika mboga za majani, na akanituma niulize bei ya jembe jipya, kisha akanituma tena kwa sababu sikuuliza vizuri. Usiku aliweka mkono tumboni kwangu bila kuniomba ruhusa, akakaa hivyo. Nilichukia. Nilitamani autoe, na nilikaa kimya asiutoe.

Tuliporudi Susuni alitembea mwenyewe, kwa fimbo. Shamba letu lilikuwa limezungushiwa uzio mpya wa miiba. Yule mpole alikuwa amewaambia watu kwamba mama amekwenda kufia mjini, wawe na subira. Alitukuta njiani. Uso wake ulishindwa kujua ukae vipi, akamwangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema, "Shemeji, kumbe bado upo." Hiyo ndiyo salamu aliyompa.

"Nipo," akasema mama mkwe. "Leta ng'ombe." Wale akina mama wa risaga, waliokuwa wamesikia tunarudi, walikuwa wamesimama nyuma yetu na majembe, safari hii kweli wamekuja kupalilia, na ng'ombe wakaletwa jioni ileile.

Nilijifungua wakati wa kuvuna ulezi. Alinishika mabega mwenyewe tangu uchungu ulipoanza mpaka mwisho. Alikuwa mtoto wa kike.

Mnajua maana yake. Nyumba ilitaka mtoto wa kiume, ndiye niliyeolewa kwa ajili yake. Habari zilivuka kijito kabla kitovu hakijafungwa vizuri, na yule mpole akafika na mkewe na bakuli la uji. Akamtazama mtoto, akashukuru Mungu, akaketi kwenye kigoda kilekile. Akasema kwa sauti yake ya chini kwamba ni mtoto mzuri, ila tuseme ukweli kama ndugu, wa kiume atakuja lini, na shemeji kwa umri wake atamngoja mpaka lini? Kwa nini asiache kujisumbua? Nilijifunika uso. Nilijua ndivyo yeye alivyomlaza mara ya kwanza, na nilijua kwamba safari hii sina maneno ya kumwinulia, nilikuwa nimeshayamaliza.

Mama mkwe alimpakata mtoto, akamfungua nguo, akamwangalia miguu na mikono na masikio kama mnunuzi mnadani. Akanigeukia mimi, si yeye. "Huyu ana mifupa mizuri," akasema. "Akiolewa, ng'ombe wake hawataenea kwenye lile zizi. Itabidi tuliongeze upande wa juu."

Mtoto alikuwa hajamaliza siku duniani. Damu ilinichemka. Nilitaka kumnyang'anya, nimwambie huyu ni mwanangu, hajapata hata jina na wewe umeshamfungia ng'ombe shingoni, kama mlivyonifanyia mimi. Nilikuwa na haki ya hasira ile na ninayo mpaka leo. Lakini nilimwona yule mpole akimtazama mama mkwe, kisha mtoto, kisha mama mkwe, akijaribu kupima ni miaka mingapi mpaka hapo. Akainuka, akasahau bakuli.

Asubuhi nilikuwa nimelala na mtoto ubavuni, bado sina nguvu za kusimama. Nikasikia panga likigonga mti nyuma ya nyumba, likanyamaza, likagonga tena. Nilimlaani yule bibi kwa sauti, nikampa mwanangu titi, na nikaanza kuhesabu miti ya zizi anayoiangusha.